Tembe za mgongo zilizomlaza mjomba usukanini

Kama umewahi kusafiri kwa basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi, basi unaijua Voi ya saa sita za usiku. Malori yamepangana kando ya barabara, vibanda vya chai viko wazi, na madereva wamesimama makundi makundi wakijinyoosha. Ukiwapita karibu utawasikia wakilalamikia mizani ya Mariakani, bei ya dizeli na mgongo. Hasa mgongo.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Kwa miaka mingi amekuwa akiendesha trela kutoka bandarini Mombasa hadi Malaba na kurudi. Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, mgongo ulimkaza alipokuwa akipita Maungu, na alipofika Voi alishuka garini amejipinda kama mundu. Utingo wake alikimbia kwenye duka moja la dawa akarejea na kibahasha cha karatasi ambacho juu yake paliandikwa kwa kalamu "2x3". Hapakuwa na jina la dawa, wala la mgonjwa, wala onyo lolote. Mjomba alimeza tembe mbili kwa chai ya rangi, akajilaza kama nusu saa, na maumivu yakapungua. Akamshukuru Mungu, akawasha gari.

Kabla ya kufika Manyani alikuwa amesinzia. Si ule usingizi wa uchovu ambao kila dereva wa masafa marefu anaujua na anajua kuupiga vita. Hakupiga miayo, wala macho hayakumwasha. "Barabara nilikuwa naiona," alituambia baadaye, "lakini ilikuwa kama anayeendesha ni mtu mwingine." Utingo ndiye aliyeshtuka aliposikia magurudumu ya kushoto yakisaga changarawe. Alipiga ukelele, mjomba akakata usukani, trela likarudi kwenye lami. Hapo ni katikati ya Tsavo. Ndovu huvuka usiku, na mabasi hupita yakiwa yamejaa watu waliolala.

Hakuna aliyeumia. Lakini safari ya kibahasha kile haikuishia hapo, nasi tutakirudia.

Kazi yake ni kichwani

Kwa maelezo ya mjomba na jinsi zilivyomfanya, yaelekea tembe zile zilikuwa za jamii inayoitwa dawa za kulegeza misuli. Jina hilo limewapotosha wengi. Mtu hudhani kwamba dawa inashuka hadi kwenye ule msuli uliokaza kiunoni, inaukanda, kisha inajiendea zake. La hasha! Karibu dawa zote za aina hii anazopewa mgonjwa wa mgongo hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo. Hupunguza kishindo cha ujumbe unaopita katika neva, mtu mzima anapoa, na msuli unapoa pamoja naye. Kile kinacholegeza kiuno ndicho kinacholegeza jicho, ulimi, na mguu ulio juu ya breki.

Historia yake inathibitisha hivyo. Katika miaka ya 1940 mtafiti mmoja aliyeitwa Frank Berger, mzaliwa wa nchi ya Wacheki, alikuwa Uingereza akitafuta kitu cha kuzuia viini visiharibu penisilini. Alipojaribu kemikali fulani kwa panya, panya hao walilegea wakalala chali, na dawa ilipowaisha wakainuka wakaendelea na shughuli zao. Alitangaza habari hizo mwaka 1946, na kemikali hiyo ikaitwa mefenesini. Kutokana na kazi hiyo, Berger akiwa sasa Marekani, ilipatikana meprobamati, dawa ya kutuliza wasiwasi iliyoingia sokoni 1955, na baadaye karisoprodoli, iliyouzwa kuanzia 1959 kwa watu wenye maumivu ya misuli. Lililo la ajabu ni kwamba karisoprodoli ikishaingia mwilini, sehemu yake hugeuzwa kuwa meprobamati ileile. Aliyemeza dawa ya mgongo amemeza dawa ya kutuliza akili! Mwaka 2007 shirika linalosimamia dawa barani Ulaya lilipendekeza iondolewe sokoni huko, na Januari 2012 Marekani iliiweka katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa sababu watu walikuwa wakiizoea.

Hapa kwetu kuna wanaouliza kama dawa hizi ni ndugu ya sumu ya mishale ambayo Waata waliitumia zamani kuwindia ndovu huko Tsavo. Hapana. Ile hutoka kwenye mti wa msunguti, na kazi yake ni kuusimamisha moyo. Sumu ya mishale inayolegeza misuli ni ya Amerika Kusini, inaitwa kurare, na mwaka 1942 Dakta Harold Griffith wa Montreal aliitumia kumlegeza mgonjwa aliyekuwa akipasuliwa. Dawa za ukoo huo bado zipo katika vyumba vya upasuaji. Hulegeza hata misuli ya kupumua, ndiyo maana hutolewa na mtaalamu wa nusukaputi akiwa na mashine ya kumpumulia mgonjwa. Hizo tuziache huko huko. Tunazozungumzia ni tembe za kawaida, zile unazoweza kuzikuta kabatini mwako.

Nyanya na kibahasha

Mjomba alipopata likizo alikwenda nyumbani Wundanyi. Kibahasha kilikuwa bado mfukoni mwa koti. Nyanya, mama yake, ana zaidi ya miaka 70, na mteremko wa kwao si wa mchezo. Kuni na maji vyote hupandishwa kwa mgongo. Jioni hiyo alikuwa akilalamika bega. Mwana kwa mapenzi akamwambia, "Mama, meza hizi mbili, mimi zilinisaidia." Nyanya alikuwa anatumia dawa za presha kila siku, na kwa kuwa alikuwa na mafua, mchana alikuwa amemeza Piriton.

Usiku aliamka kwenda haja. Aliposimama, dunia ikamzunguka, akaanguka mlangoni na kuvunjika mkono.

Hospitalini swali la kwanza lilikuwa rahisi kabisa: "Amekunywa dawa gani?" Mjomba alitoa kibahasha. Afisa wa kliniki alikigeuza huku na huku, akasoma "2x3", akakirudisha. Tembe zilizobaki zilikuwa nyeupe, za duara, kama tembe nyingine elfu moja zilizo nyeupe na za duara. Hakuna katika chumba kile aliyejua mzee yule amemeza nini, basi ikabidi alazwe achunguzwe tu, kwa saa nyingi, ilhali jibu lingeweza kuandikwa kwa kalamu ileile iliyoandika 2x3.

Kwa nini alianguka? Mtu anapozeeka, ini na figo huisafisha dawa polepole, kwa hiyo kipimo kinachomtosha mwanawe humlemea yeye. Dawa za presha hushusha presha, na baadhi ya dawa za kulegeza misuli hushusha pia, hasa mtu anapoinuka ghafla kutoka kitandani. Piriton nayo huleta usingizi. Usingizi juu ya usingizi, presha chini ya presha, na giza, na mlango wenye kizingiti.

Dawa yenyewe ni ipi?

Ndiyo maana, msomaji, neno "dawa ya mgongo" halitoshi. Kila dawa katika jamii hii ina tabia yake.

Inayopatikana sana madukani ni klorizoksazoni, na mara nyingi haiko peke yake. Huchanganywa katika tembe moja na parasetamoli, au diklofenaki, au ibuprofeni, au hata mbili kwa pamoja. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anameza tembe hizo mara tatu kwa siku, kisha kwa kuwa kichwa kinamuuma anaongeza Panadol, ambayo ni parasetamoli ileile. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kupitisha gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe anatakiwa apate chini ya hapo. Vivyo hivyo anayeongeza Brufen juu ya mchanganyiko wenye diklofenaki anachokoza vidonda vya tumbo na figo. Klorizoksazoni yenyewe, kwa nadra sana, huweza kudhuru ini. Inaweza pia kuufanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa au wa zambarau iliyoiva, na methokabamoli huweza kuufanya wa kahawia, kijani au hata mweusi. Rangi hiyo pekee isikutie kiwewe. Lakini mkojo mweusi pamoja na macho ya manjano, homa au kukosa hamu ya kula ni jambo jingine. Acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Orfenadrini hukausha kinywa, hutia ukungu machoni na huziba mkojo. Mzee mwenye matatizo ya tezi ya kibofu akipewa hiyo anaweza kukesha akijikamua bila mafanikio. Mwenye presha ya macho pia haimfai.

Tizanidini hutolewa zaidi kwa waliokakamaa viungo kutokana na kiharusi au majeraha ya uti wa mgongo. Hii ina adui mmoja ambaye ni lazima nimtaje kwa herufi kubwa: SIPROFLOKSASINI. Ni antibiotiki inayonunuliwa kama njugu na watu wanaojitibu "taifodi". Ikikutana na tizanidini, huifanya dawa hiyo ijae katika damu mara nyingi kupita kiasi, presha huporomoka na mtu huweza kuzimia. Zisitumiwe pamoja kamwe.

Kuna baklofeni, ambayo mtu aliyeitumia kwa muda haruhusiwi kuiacha ghafla, kwani anaweza kupata kifafa au kuanza kuona vitu visivyokuwapo. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium, nayo ni hivyo hivyo, na ina ubaya wa ziada wa kumzoesha mtu katika muda wa wiki chache tu. Wazazi wa Pwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Vijana wanaotafuta "bugizi" mitaani wanatafuta tembe za ukoo huo. Diazepamu pia haitoki mwilini upesi. Uliyoimeza usiku bado imo damuni kesho yake asubuhi, na keshokutwa, hata kama unajiona u mzima.

Nimeulizwa na mwanafunzi mmoja kwa nini basi madaktari wanazitoa kama zina vitimbi vyote hivi. Ni swali zuri. Mgongo unapokaza ghafla na mtu hawezi hata kugeuka kitandani, siku chache za dawa hizi humpa nafuu, alale, kisha aanze kutembea. Nyingi ya dawa hizi zimekusudiwa wiki mbili au tatu, si zaidi. Kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu yasiyo na chanzo kinachojulikana, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 likishauri zisitumiwe kama tiba ya kawaida. Anayezimeza mwaka wa pili sasa hajitibu mgongo.

Pombe, miraa na usukani

Kati ya mambo yote, lililo baya kuliko yote ni pombe. Iwe mnazi wa Voi, mbangara ya milimani au bia ya chupa, yote ni mamoja. Pombe hutuliza ubongo, dawa hutuliza ubongo, na vikifanya kazi pamoja vinaweza kutuliza hata ile sehemu inayoamuru mapafu yavute pumzi. Tramado na dawa za kikohozi zenye kodeini zimo katika kundi hilo hilo la hatari.

Wapo madereva wanaodhani wamepata ujanja: wanameza tembe, kisha wanatafuna miraa au muguka ili wasilale. Miraa hufungua macho, sikatai. Lakini haiyarudishi maamuzi wala wepesi wa mguu. Matokeo yake ni dereva aliyekodoa macho ambaye breki yake inachelewa. Tena Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 44, haikutaja ulevi wa pombe peke yake. Imetaja pia dawa. Cheti cha daktari hakitamkinga aliyeshindwa kulitawala gari.

Kwa hiyo aliyeandikiwa dawa hii kwa mara ya kwanza aimeze akiwa nyumbani, jioni, siku ambayo hana safari, ili ajue inamfanyaje. Asishike usukani, asiende kwenye mashine ya mkonge, asiteremke katika shimo la vito. Akisahau dozi moja asimeze mbili kwa pamoja kufidia. Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema kabla hajaandikiwa.

Na ukimkuta mtu amezidisha, halala usingizi wa kawaida, haamki ukimtikisa, au anapumua polepole mno? Usimnyweshe maziwa. Najua kila nyumba inaamini maziwa, lakini mtu asiye na fahamu huyavuta mapafuni. Usimlazimishe kutapika. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na ubebe pakiti ya dawa.

Mgongo wa Taita

Nikiwa mkweli, eneo hili limejaa migongo iliyochoka. Wakata mkonge wa Voi na Mwatate huinama na kuinuka kutwa nzima, kisha hubeba mafungu. Wachimba vito hujikunja katika mashimo. Akina mama wa milimani hushusha mboga zinazopelekwa Mombasa. Si ajabu kwamba tembe hizi zina soko. Bahati njema ni kwamba mgongo mwingi uliokaza ghafla hupata nafuu ndani ya wiki chache, hasa mtu akiendelea kutembea kadiri anavyoweza badala ya kulala kitandani siku nzima. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia. Na katika hospitali kubwa wako wataalamu wa mazoezi ya viungo ambao watu wengi huwapita mlangoni wakikimbilia dirisha la dawa.

Lakini kuna maumivu ambayo hayafai kufunikwa kwa tembe hata siku moja. Miguu ikikufa ganzi au kuishiwa nguvu, sehemu za siri zikiwa kama si zako, mkojo au choo kikikutoka bila kujua, hiyo ni dharura. Mgongo unaouma usiku na mchana, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mzee wa kiume mwenye mgongo usiopoa achunguzwe pia saratani ya tezi ya kibofu. Dawa ya kulegeza misuli itampa usingizi mzuri huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake.

Kwa sababu hizo dawa hizi hutakiwa zitolewe kwa cheti cha daktari. Si urasimu tu. Yale maswali kuhusu ini, mkojo, mimba, presha na pombe ndiyo yangemwokoa nyanya. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ndiyo inayosimamia maduka ya dawa, na duka halali huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani. Itazame kabla hujatoa pesa. Kisha omba jina la dawa na miligramu zake viandikwe juu ya kibahasha. Zikibaki tembe, zirudishe kwa mfamasia. Usizihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai ambao watoto wanaujua.

Mjomba bado anaendesha. Alipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, akafundishwa mazoezi matatu ambayo huyafanya kando ya trela, jambo ambalo mwanzoni liliwachekesha sana wenzake pale Voi. Juma lililopita alinipigia simu akiwa Taveta. Mgongo ulikuwa umemshika tena, akaingia duka moja, kijana akamhesabia tembe na kuzitia katika kibahasha. Mjomba akamwomba aandike jina la dawa.

"Mzee, jina la nini? Hii ni ya mgongo tu."

Mjomba alikirudisha kibahasha mezani, akachukua pesa zake, akaenda kulala garini mpaka kulipokucha.